Punje ya Mikroni Kumi

Asubuhi namimina naitrojeni, inachemka kwa baridi,
moshi wake unateremka mezani, unanilamba vidole.
Kigunduzi hutaka baridi hiyo ndipo kihisi joto.
Ghorofa ya pili, Barabara ya Kumi na Moja, Tanga;
madirisha tumeyaziba kwa gundi na karatasi,
maana hewa ya hapa ina maji, na vioo vyetu ni vya chumvi:
ukisahau kimoja nje usiku
kunakucha kimeota mtoto wa jicho.

Leo chini ya lenzi ipo punje ya kutoka leso ya baba.
Sikumwambia. Niliikung'uta akiwa amelala.

Panga saba kama hiyo ndipo ufikie unene wa unywele.
Nuru ninayoituma siioni:
iko ng'ambo ya wekundu, ndugu wa jiko lililofunikwa majivu.
Naingoja upande wa pili initajie kilichopungua njiani,
maana kila kitu kina mawimbi kinayoyameza, mengine huyaacha,
na kwa pengo tunamjua mlaji.

Nilitaka jibu moja tu: mkonge au mawe?
Miaka kumi na tisa chumba cha brashi, shambani, njia ya Muheza,
kisha sita kwenye saruji.
Fomu ya fidia ina kisanduku kimoja.

Ikatoka michoro ya mlevi.
Mstari wa chini, uliopaswa kulala kama mkeka,
unapanda kama barabara ya Lushoto;
kilele kimesogea, ubavu mmoja umezama.
Shemhilu akachungulia begani kwangu, kikombe mkononi:
"Hiyo haikumezwa, dada. Imetawanywa.
Punje ikikaribia urefu wa wimbi, wimbi halipiti salama,
linapindwa, linatupwa kando,
na mashine yako, maskini, kila nuru isiyofika
inaiandika kuwa imeliwa."

Inaiandika kuwa imeliwa.

Muulize baba kifua, atakusimulia ukali wa mnyapara.
Muulize kikohozi, atakuuliza bei ya mbaazi.
Muulize usiku ule wa korona, mkanda ulipomchukua Mbwego mkono,
atainuka kwenda kufunga banda la kuku
ambalo limeshafungwa.
Nami miaka yote naandika moyoni: amesahau.

Pembeni mwa grafu, kwa penseli:

    Si kila kisichofika
    ni kwamba kimetoweka;
    vingine vimepindika
    njiani kwa kugongana.

Nikafuta nusu, Shemhilu asije akasoma.

Dawa yake ni tone la mafuta ya parafini.
Nuru hugonga penye mpaka, hewa huku, kitu kule;
izamishe punje katika kinachokaribiana nayo
na mpaka unalainika. Kwa jicho ilipotea kabisa,
nikadhani nimeimwaga.
Kwa mashine, ndipo ilipoanza kusema.
Mstari ukalala. Kilele kikasimama.
Mkonge. Na kando, wafupi, wamebanana,
vilele pacha vya mchanga wa mawe.

Jumapili nilimpeleka Pongwe, kwa wenzake wa chumba cha brashi.
Wamebaki wanne. Wanakohoa kwa zamu, kama wanaopokezana ndoo.
Kibondei chao cha haraka kilimfunika
hata nisimwone tena mzee wangu,
na humo ndani akasema:
akamtaja Mbwego, akautaja mkono,
akamtaja aliyekimbilia swichi, na aliyesimama nayo karibu
akiangalia.
Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Sikuuliza kitu.
Chai ilipoa.

Jumatatu, fomu ingali mezani.
Nimechora kisanduku cha pili, kwa kalamu,
bila rula.